Nani alikula zile shilingi 600?

Mpenzi msomaji, kabla hujatoka kwenda kuwaona jamaa alasiri hii ya Jumapili, hebu chukua kalamu na kipande cha karatasi. Mwite na mtoto, awe wa shule ya msingi au wa sekondari, akae kando yako. Nataka kukusimulia kisa cha akina mama watatu wa mtaa wetu wa Umoja ambao nusura waachane kwa ajili ya shilingi 600 ambazo hakuna aliyeziiba.

Akina mama hao waliungana kununua robota la nguo za mitumba pale Gikomba. Mtaji wao ulikuwa shilingi 24,000. Wa kwanza, ambaye ndiye aliyekuwa mweka hazina, alitoa 12,000. Wa pili alitoa 8,000. Wa tatu, mdogo wao kwa umri na kwa mfuko, ambaye huuza sukuma wiki kando ya barabara, alijikakamua akatoa 4,000. Wakakubaliana kwamba faida yoyote itakayopatikana itagawanywa kulingana na kile alichotoa kila mmoja. Mweka hazina akachukua kalkuleta, akagawa, kisha akaandika ndani ya jalada la daftari: mimi 0.5, wa pili 0.33, wa tatu 0.16.

Biashara ikanawiri. Robota likazaa robota, na Desemba ilipofika, baada ya kuweka mtaji kando, walikuwa na faida ya shilingi 60,000. Mweka hazina akafungua daftari lake, akazidisha, akamtumia kila mtu haki yake kwa simu: yeye 30,000, wa pili 19,800 na wa tatu 9,600.

Usiku huo yule mdogo wao alikaa na mwanawe wakajumlisha. Zikafika 59,400. Wakajumlisha tena. 59,400. Je, zile 600 ziko wapi? Kufikia asubuhi habari ilikuwa imezunguka ploti nzima kwamba mweka hazina amekula pesa za wenzake. Naye, kwa uchungu, akawa anaapa mbele ya kila aliyetaka kusikia: "Mimi nimefuata daftari!"

Waliponijia mimi jirani yao, niliomba kuliona hilo daftari. Ni kweli, mama alikuwa amelifuata. Wezi wa zile shilingi 600 walikuwa wamelala ndani ya jalada tangu siku ya kwanza, na majina yao ni 0.33 na 0.16.

MANENO TULIYOACHIWA NA WAZEE

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu tumelisahau. Kiswahili kina majina yake ya kugawa kitu kimoja mafungu sawa. Kifungu kimoja kati ya viwili ni nusu, cha vitatu ni theluthi, cha vinne ni robo, cha vitano ni humusi, cha sita ni sudusi, cha saba ni subui, cha nane ni thumuni, cha tisa ni tusui na cha kumi ni ushuri. Wenye umri kidogo mtakumbuka kwamba ile sarafu ya senti 50 tuliiita sumuni. Jina hilo ni lile lile thumuni, yaani sehemu ya nane, ingawa senti 50 ni nusu ya shilingi.

Ukitembea Pumwani au Eastleigh ukaulizia mambo ya mirathi ya Kiislamu, utaambiwa kwamba mafungu yaliyotajwa katika Kurani ni sita: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi moja na sudusi. Hutasikia mtu akisema "nukta tatu tatu". Mgawanyo huandikwa kwa sehemu, yaani nambari ya juu na nambari ya chini, kama 1/3 au 1/6, na huachwa hivyo mpaka siku mali yenyewe inapohesabiwa.

Sasa watazame akina mama wetu. Aliyetoa 12,000 katika 24,000 ana nusu, 1/2. Aliyetoa 8,000 ana theluthi, 1/3. Aliyetoa 4,000 ana sudusi, 1/6. Ukizigeuza zote ziwe sehemu za sita unapata 3/6, 2/6 na 1/6, ambazo jumla yake ni 6/6, yaani kitu kizima. Hakuna kilichobaki wala kilichopungua. Lakini jumlisha zile nambari za daftari: 0.5 na 0.33 na 0.16. Unapata 0.99. Kulikuwa na tundu la sehemu moja ya mia tangu mwanzo. Wakati faida ilikuwa haijaja, tundu hilo halikuonekana. Zilipokuja shilingi 60,000, sehemu moja ya mia ikawa shilingi 600.

ZINAZOKOMA NA ZISIZOKOMA

Je, mama huyo alikosea kubonyeza? La. Kalkuleta ilimwonyesha 0.3333333 na 0.1666666, naye akaona tarakimu mbili zinatosha. Tatizo ni kwamba baadhi ya sehemu zikigeuzwa kuwa desimali hufika mwisho, na nyingine hazifiki kamwe.

Mpe mtoto kalamu, agawe 1 kwa 4 kwa ile njia ndefu ya darasani. Nne haiingii katika 1, kwa hiyo tunaweka nukta na kuifanya 1 kuwa 10. Nne katika 10 inaingia mara 2, baki ni 2. Baki hiyo tunaifanya 20. Nne katika 20 inaingia mara 5, baki ni sufuri. Kazi imekwisha: 0.25. Hii ni desimali inayokoma.

Sasa agawe 1 kwa 3. Tatu katika 10 inaingia mara 3, baki ni 1. Tunaifanya 10 tena. Tatu katika 10 inaingia mara 3, baki ni 1. Tunaifanya 10 tena. Mwache aendelee mpaka achoke, maana hata akiandika kutoka Umoja mpaka Mombasa, ile baki ya 1 itakuwa ikimngoja kila mstari. Hii ni desimali isiyokoma. Kwa kuwa tarakimu zake zinarudi vile vile, huitwa pia desimali ya kujirudia. Walimu huweka kinukta juu ya tarakimu inayojirudia ili kuokoa wino.

SIRI IKO CHINI

Hapa ndipo wanafunzi wengi hushika kichwa. "Mwalimu, nitajuaje kama itakoma kabla ya kugawa?" Jibu ni rahisi kuliko unavyodhani, na unaweza kulitoa bila kalkuleta.

Desimali ni njia nyingine ya kuandika sehemu ambazo nambari ya chini ni 10, au 100, au 1,000 na kuendelea. Kusema 0.25 ni kusema 25/100. Kwa hiyo swali letu ni hili: je, nambari ya chini tuliyo nayo inaweza kuzidishwa mpaka iwe 10, 100, 1,000 au nyingine ya ukoo huo? Ukoo huo umejengwa kwa matofali mawili tu, 2 na 5, kwa sababu 10 ni 2 mara 5. Mia ni 2 mara 2 mara 5 mara 5. Elfu vivyo hivyo. Hakuna 3 humo ndani, hakuna 7, hakuna 11.

Basi kanuni ni hii. Kwanza, ifupishe sehemu yako mpaka isifupike tena. Pili, ivunje nambari ya chini mpaka ubaki na nambari tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Ukikuta ni 2 na 5 pekee, desimali itakoma. Ukikuta nambari tasa nyingine yoyote, hata moja, haitakoma kamwe.

Tujaribu. Thumuni ni 1/8. Nane ni 2 mara 2 mara 2. Itakoma: 0.125. Sudusi ni 1/6. Sita ni 2 mara 3. Ile 3 imeharibu shughuli: 0.1666 bila mwisho. Je, 9/12? Hapa wengi huteleza. Wanaona 12, ambayo ni 2 mara 2 mara 3, wanasema haitakoma. Lakini hawakufupisha. 9/12 ni 3/4, na 3/4 ni 0.75. Ndiyo maana kufupisha huja kwanza.

Unaweza hata kujua itakuwa na tarakimu ngapi. Hesabu mara ambazo 2 imetokea, hesabu mara ambazo 5 imetokea, kisha chukua iliyo kubwa. Kabla ya shilingi, nchi zetu zilitumia rupia, na rupia ya Kihindi ilikuwa na ana 16. Ana moja ilikuwa 1/16 ya rupia. Kumi na sita ni 2 mara nne, kwa hiyo desimali yake ina tarakimu nne: 0.0625.

Ona pia kwamba ukubwa wa nambari si hoja. 1/3 ni ndogo na rahisi kutamka lakini haina mwisho. 1/1024 inatisha, lakini 1024 ni 2 ikizidishwa yenyewe mara kumi, kwa hiyo desimali yake hukoma, baada ya tarakimu kumi.

MATATU YA 58

Lakini kwa nini zile zisizokoma hujirudia? Kwa nini tarakimu zisitokee ovyo ovyo? Fikiria matatu ya nambari 58 itokayo mjini, ipite Jogoo Road, iende Buruburu kisha igeuze. Vituo vyake vina idadi maalumu. Ukikaa ndani kutwa nzima, hata kama hujui njia, utakuja kuona kituo ulichokwisha kukiona. Na tangu hapo safari ni ile ile ya awali.

Gawa 1 kwa 7. Ukigawa kwa 7, baki haiwezi kuwa zaidi ya 6. Ikiwa sufuri, hesabu imekoma. Isipokuwa sufuri, basi ni 1, 2, 3, 4, 5 au 6. Hivyo ni vituo sita tu. Ukianza na 1, baki zinazofuata ni 3, 2, 6, 4, 5, kisha 1 tena. Umerudi stendi. Ndiyo sababu subui ni 0.142857, halafu 142857 tena, halafu tena, daima dumu. Si lazima vituo vyote vipitiwe. Ukigawa kwa 3, gari huzunguka kituo kimoja tu. Ukigawa 1 kwa 11, huzunguka viwili: 0.090909. Lakini haiwezekani kamwe gari lipite bila kurudia. Kila sehemu ya nambari nzima juu na nambari nzima chini, ama itakoma au itajirudia.

Hapo Kamukunji, ambako mafundi wa jua kali hukunja mabati kuwa masufuria na majiko, kuna nambari ya aina ya tatu. Ukigawa mzingo wa duara kwa kipenyo chake unapata 3.14159 na kuendelea, nayo haikomi wala haijirudii. Johann Heinrich Lambert alithibitisha katika miaka ya 1760 kwamba haiwezi kuandikwa kama sehemu. Ile 22/7 tuliyofundishwa shuleni ni jirani yake tu, tena ni subui, kwa hiyo hujirudia: 3.142857. Kwa pipa lenye kipenyo cha sentimita 70, 22/7 inampa fundi sentimita 220, na hesabu kamili zaidi inampa 219.91. Tofauti haifiki milimita moja, nayo humezwa na ukingo wa bati. Fundi anajua anachokata, na anajua kinaingia wapi. Mweka hazina wetu hakujua.

JE, THELUTHI NI NAMBARI MBOVU?

Watoto wengi huamini kwamba 1/3 "haikamiliki". Mzazi, usiliache wazo hilo lilale nyumbani kwako. Theluthi ni nambari kamili kama nusu. Kilichoshindwa ni kipimo chetu cha makumi.

Mtazamishe mtoto saa ya ukutani. Theluthi ya saa ni dakika ngapi? Dakika 20, bila baki. Ni kwa sababu saa ina dakika 60, na 60 ina 3 ndani yake. Trei ya mayai unayonunua dukani ina mayai 30. Theluthi yake ni mayai 10. Uingereza kabla ya mwaka 1971 pauni ilikuwa na peni 240, na theluthi yake ilikuwa peni 80 kamili. Lakini shilingi yetu ina senti 100, na 100 haina 3. Gawa shilingi 100 kwa watoto watatu, kila mmoja atapata shilingi 33 na senti 33, na senti moja itabaki ikikutazama.

Desimali zililetwa kurahisisha kazi. Al-Kashi wa Samarkand alizitumia kwa ustadi katika karne ya 15, na mwaka 1585 Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, alichapisha kijitabu cha kuwafunza wapima ardhi na wafanyabiashara namna ya kuzitumia. Zimetusaidia sana. Lakini kila chombo kina mahali kinapovuja.

WALIOUMIA ZAIDI YETU

Usidhani ni akina mama wa Umoja tu waliojikwaa. Januari 1982 soko la hisa la Vancouver, nchini Kanada, lilianzisha kipimo kipya cha bei za hisa kikianzia 1,000. Kila hisa zilipouzwa, kompyuta ilikihesabu upya kisha ikakata kila kilichozidi tarakimu tatu baada ya nukta. Hesabu hiyo ilifanywa maelfu ya mara kwa siku. Kilichokatwa kila mara kilikuwa kama vumbi, lakini haba na haba hujaza kibaba, na pia hukimwaga. Kufikia Novemba 1983 kipimo kilikuwa kimeshuka mpaka kama 524. Kiliporekebishwa, ilionekana kilipaswa kuwa kama 1,098. Soko lilikuwa limepanda wakati karatasi ilisema limeanguka.

Kisa cha pili kinahuzunisha. Kompyuta haihesabu kwa makumi kama sisi. Huhesabu kwa mawili, kwa 0 na 1 pekee. Katika ukoo wake tofali ni moja tu, 2. Rudi kwenye kanuni yetu: sehemu ya kumi, 1/10, ina 2 na 5 chini. Kwetu inakoma, 0.1. Kwa kompyuta ile 5 ni mgeni, kwa hiyo 1/10 haikomi, sawa na vile 1/3 haikomi kwetu.

Katika Vita vya Ghuba vya mwaka 1991, mitambo ya Marekani ya Patriot, iliyokusudiwa kutungua makombora angani, ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde. Nambari ile isiyokoma ilikatwa ili itoshee ndani ya kompyuta. Mtambo mmoja huko Dhahran, Saudi Arabia, ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100 mfululizo, na saa yake ilikuwa imekosea kwa takriban theluthi ya sekunde. Katika muda huo kombora la Scud husafiri zaidi ya nusu kilomita. Tarehe 25 Februari mtambo ukatazama mahali pasipo, na Scud ikaangukia kambi. Wanajeshi 28 wa Marekani walikufa.

RISITI MFUKONI MWAKO

Turudi nyumbani. Kodi ya VAT nchini Kenya ni asilimia 16. Kuiongeza juu ya bei hakuna shida, kwa maana 16/100 hukoma. Lakini bei ya dukani huwa tayari ina kodi ndani yake. Ukilipa shilingi 100, kodi si shilingi 16. Ni 16/116 ya ulicholipa. Fupisha: 4/29. Ishirini na tisa ni nambari tasa, wala si 2 wala 5. Haikomi! Hesabu itakuletea 13.793103 na kuendelea. Risiti itaandika kodi 13.79 na bei 86.21, jumla 100.00. Wameikadiria mara moja tu, mwishoni, na wamehakikisha jumla inarudi pale pale. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

KUIREJESHA DESIMALI KWENYE SEHEMU

Mwanafunzi, hili huulizwa sana kwenye mitihani. Ukipewa desimali ya kujirudia, unaweza kuipata sehemu iliyoizaa. Chukua 0.272727. Tarakimu mbili zinajirudia, basi izidishe kwa 100: 27.272727. Toa ile ya kwanza. Mikia yote inafutana, unabaki na 27. Ulikuwa na mia, umetoa moja, kwa hiyo 99 za nambari yako ni 27. Nambari yako ni 27/99, ukifupisha 3/11.

Ikiwa mkia haukuanza mara moja baada ya nukta, kama 0.1666, zidisha mara mbili. Mara 100 ni 16.666, mara 10 ni 1.666. Toa: 90 za nambari yako ni 15. 15/90 ni 1/6. Sudusi ya mama mboga imerudi nyumbani.

Na ukitaka kumchokoza kaka yako wa chuo kikuu, mwulize 0.999 isiyokoma ni ngapi. Atasema ni kidogo chini ya 1. Mwambie 1/3 ni 0.333 isiyokoma, zidisha pande zote mbili kwa 3. Kushoto ni 1. Kulia ni 0.999 isiyokoma. Ni kitu kimoja chenye majina mawili.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata ikiwa na daftari, inategemea umeandika nini. Ikiwa uko katika chama, au mnachangia karo, kodi ya nyumba au bili ya maji ploti nzima, shika haya matatu.

Kwanza, andika mafungu kwa sehemu, si kwa desimali. Andika 1/6, au "4,000 katika 24,000". Zidisha kwanza, gawa mwisho. Elfu sitini mara 1, gawa kwa 6, ni 10,000 kamili.

Pili, ikiwa lazima ukate, kata mara moja tu, mwisho kabisa, mkiwa mmekaa pamoja.

Tatu, kubalianeni mapema ile shilingi inayobaki itakwenda wapi: kwa akiba, kwa mgonjwa, au kwa zamu. Shilingi isiyo na mwenyewe ndiyo huzaa maneno.

Wala usidhani kukadiria kunaponya kila kitu. Akina mama wetu wangeandika 0.17 badala ya 0.16, mafungu yangekuwa 30,000, 19,800 na 10,200. Jumla ni 60,000 na hakuna ambaye angeuliza swali. Lakini wa pili angekuwa amempa wa tatu shilingi 200 bila kujua. Jumla ikitimia haimaanishi haki imetimia.

Haki katika kisa chetu ilikuwa 30,000, 20,000 na 10,000. Sasa tazama nani aliumia. Mwenye nusu hakupoteza hata senti, kwa sababu nusu hukoma. Mwenye theluthi alipunjwa 200. Mwenye sudusi, aliyetoa kidogo kwa kuwa hakuwa na zaidi, alipunjwa 400. Na zile 600 zilikuwa kwenye simu ya mweka hazina, naye akidhani ni faida ya mwezi iliyomwachia salio. Alizituma jioni ile ile, mbele yetu sote. Yule mdogo wao alitazama simu yake kwa muda, kisha akasema, "Dada, nisamehe. Nilikuita mwizi." Mwenzake hakumjibu mara moja. Alichukua kalamu, akafuta 0.16, akaandika 1/6, akampa daftari alishike yeye kuanzia mwaka mpya.

ZOEZI LA JUMAPILI

Bila kugawa na bila kalkuleta, mwambie mtoto akueleze ni zipi zitakoma: 3/12, 5/6, 7/40, 6/15, 4/14.

Majibu: 3/12 ni 1/4, inakoma. 5/6 ina 3 chini, haikomi. 7/40 inakoma, kwa kuwa 40 ni 2 mara 2 mara 2 mara 5. Ina tarakimu tatu, 0.175. 6/15 ni 2/5, inakoma. 4/14 ni 2/7, haikomi. Akipata zote tano, mnunulie andazi. Ikiwa ni watoto watatu na andazi ni moja, likate mafungu matatu sawa. Kisu hakina shida na theluthi.